Kufunga poti mbili za swichi ziwe njia moja

Chukua duka la jumla la Ngamiani, Tanga. Swichi moja iko chini kwenye kaunta, nyingine juu karibu na seva, na kebo moja ya giga 1 iliyo kati yao inajaa kila jioni, bakapu na picha za kamera zinapopita pamoja. Kabla ya kufikiria vifaa vya giga 10, funga poti mbili ziwe njia moja kwa LACP, kanuni ambayo swichi mbili huitumia kukubaliana kwamba kebo kadhaa kati yao ni njia moja.

Swichi zote mbili lazima ziwe na ukurasa wa mipangilio. Zile za bei nafuu za kuchomeka tu haziwezi kazi hii: ukiongeza kebo ya pili kati yao, pakiti zitazunguka mpaka mtandao mzima ulale. Chapa si lazima zifanane, kwani LACP ni kanuni ya wote tangu IEEE, taasisi ya viwango, ilipoitoa mwaka 2000 kwa jina la 802.3ad, leo inaitwa 802.1AX.

Fanya kazi duka likishafungwa, na kebo ya pili usiichomeke bado. Kama unaingia kwenye swichi kupitia njia hiyohiyo unayoibadilisha, anza na swichi ya mbali. Ukianza na ya karibu, ya mbali utaifuata kwa miguu.

Kwenye Cisco, poti za 23 na 24:

interface range gi1/0/23 - 24
channel-group 1 mode active

Kisha ingia interface port-channel 1 na upange VLAN (mitandao iliyotengwa ndani ya swichi moja) hapo, si kwenye poti mojamoja. Upande wa pili fanya vilevile. Active huanza salamu ya LACP, passive husubiri tu. Upande mmoja ukiwa passive hakuna shida. Zote mbili zikiwa passive, kila moja inamsubiri mwenzake aanze salamu na njia haifungiki. Mode on iepuke. Haiulizi upande wa pili kama uko tayari, kwa hiyo ukikosea kuchomeka unaweza kupata mzunguko, au data inayomwagwa mahali pasipo na mtu. Sasa chomeka kebo ya pili.

Andika show etherchannel summary. Kila poti iwe na herufi P. Ukiona s, poti imesimamishwa: linganisha kasi na VLAN za poti hizo, kisha hakikisha upande wa pili nao una LACP. Ukiona I, poti imebaki peke yake kwa kuwa haijasikia LACP kutoka ng'ambo. D ni kebo, au poti iliyozimwa. Hapa pwani angalia vichwa vya kebo kwanza, maana chumvi ya hewa hula vile vishaba vya ndani, na poti iliyokuwa ya giga 1 hushuka hadi 100 Mbps na kutolewa kwenye fungu.

Wengi hukata tamaa hapa: wananakili faili moja kubwa, wanaona kasi ileile ya giga 1. Ndivyo ilivyo. Swichi hukokotoa anwani za mtumaji na mpokeaji, na mazungumzo yale yale hupita kebo ile ile ili pakiti zisifike zikiwa zimepitana. Faida huonekana watu wengi wakivuta kwa pamoja. Kama hesabu inatumia MAC (anwani ya kifaa chenyewe) ya mpokeaji pekee na kila kitu kinaelekea kwenye ruta moja, kebo ya pili italala tu. Badilisha kwa port-channel load-balance src-dst-ip. Kwenye swichi nyingi hesabu hii hugawa mazungumzo katika sehemu 8, ndiyo maana kebo 2 au 4 hugawana sawa, lakini 3 hupata 3, 3 na 2.

Mwisho acha ping ikikimbia kuelekea seva, chomoa kebo moja, irudishe, kisha chomoa ya pili. Ikipotea pakiti moja au mbili, sawa. Ikikatika kabisa ukichomoa kebo mojawapo, ile iliyobaki ndiyo haikuwa kwenye fungu.