Somo: Usimamizi wa uendeshaji unaanzia kwenye banda la chipsi

Wanafunzi wa biashara wa mwaka wa kwanza huja kwangu na maana ya usimamizi wa uendeshaji, yaani kuipanga na kuisimamia kazi ya kila siku ya biashara, wameikariri neno kwa neno. Ukiwauliza kwa nini foleni ya banda la chipsi la jirani haisogei, wanabaki kukutazama. Hilo linaniuma, kwa sababu jibu lake ndilo kozi yenyewe. Chukua daftari na simu yenye saa, twende.

Hatua ya 1: Tazama kazi inavyopita

Mwombe ruhusa mwenye banda, kisha kaa kimya nusu saa. Andika kila kinachofanyika kuanzia mteja aseme "zege moja" (chipsi mayai) hadi apewe sahani. Nilipokaa mimi, viazi vilimenywa na kukatwa, vikakaangwa kwenye karai, vikawekwa kwenye kabati la kioo, vikaingia kikaangoni na mayai, mwisho kachumbari na malipo.

Hatua ya 2: Pima

Hapa usiwe na haraka. Karai lilitoa chipsi za sahani 8 kila dakika 15, yaani sahani 32 kwa saa. Kachumbari na malipo vilichukua dakika 1, yaani wateja 60 kwa saa. Kikaango kilikuwa kimoja, na kila zege lilikikalia dakika 5: kumimina mayai, kungoja upande wa chini ushike, kufunika na sahani, kugeuza, kurudisha motoni. Basi ni sahani 12 kwa saa, wakati kuanzia saa 1 usiku wateja walikuja kama 20 kwa saa.

Mwenye banda alikuwa ameshaajiri kijana wa pili wa kukata viazi. Kijana anajituma, jasho linamtoka, na foleni iko palepale. Banda zima lilikwenda kwa mwendo wa kikaango. Mahali panapobana hivyo tunapaita shingo ya chupa, na pesa yoyote unayoiweka kwingine kabla ya kupagusa hapo haikuongezei sahani hata moja.

Hatua ya 3: Ongeza panapobana tu

Mpe kijana yuleyule kikaango cha pili na jiko lake: sahani 24 kwa saa, wateja 20 wanatosheka. Ukiweka cha tatu, vikaango vinaweza 36 lakini karai linaishia 32. Shingo imehama, unaanza kupima upya.

Hatua ya 4: Hesabu subira

Oda 6 mbele yako, kikaango kimoja, dakika 5 kila moja: utangoja dakika 30 kabla yako haijaanza. Mtafiti wa Marekani, John Little, alithibitisha kanuni ya jumla ya hesabu hii mwaka 1961. Mwambie mteja ukweli. Akijua ni nusu saa, ataenda kufanya shughuli zake arudi.

Maswali

*Shikamoo mwalimu. Kwa nini asipike zege nyingi mapema?*

Marahaba. Chipsi kavu anaweza kutanguliza kidogo. Zege lililopoa halina mnunuzi, na mayai, mafuta na mkaa vimeshalipiwa. Taiichi Ohno wa Toyota alijenga mfumo mzima juu ya jambo hilo: hatua ya nyuma itengeneze kile tu ambacho hatua ya mbele imekiomba, kwa kadi iliyoitwa kanban.

*Na Ford? Tumefundishwa kwamba alishamaliza tatizo hili.*

Kuanzia mwaka 1913, kwenye kiwanda cha magari cha Henry Ford huko Highland Park, Michigan, Marekani, gari lilipitishwa mbele ya wafanyakazi, kila mmoja na kazi yake moja, na muda wa kuunganisha chasisi ya gari la Model T ulishuka kutoka kama saa 12 na nusu hadi saa 1 na nusu hivi. Lakini kazi ilichosha, watu wakaacha kwa wingi, na Januari 1914 Ford akatangaza malipo ya dola 5 kwa siku. Kwa hiyo unapopima kikaango, andika pia anayekishika amesimama motoni kwa muda gani.

*Nimepima kwa mama ntilie wa hapa chuoni. Shingo imeangukia kwenye kuosha sahani! Nimekosea?*

Hujakosea hata kidogo. Sasa hesabu ana sahani ngapi, na sahani moja inachukua dakika ngapi kutoka mezani hadi irudi safi. Lete namba hizo kesho tuzifanyie kazi pamoja.