Jinsi ya kumtambua paka Sokoke, usidanganywe na mabaka

Watu wengi wakiona paka yeyote mwenye mabaka ya kahawia na nyeusi wanasema huyo Sokoke, jamani sio hivo. Sokoke asili yake ni msitu wa Arabuko-Sokoke pwani ya Kenya, Wagiriama wanamjua kitambo kwa jina la khadzonzo, ila huko nje alianza kusikika baada ya mama mmoja mkazi wa Kenya, Jeni Slater, kukuta vitoto vya paka huyu shambani kwake mwaka 1978, baadae wakapelekwa Denmark na 1993 FIFe, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafuga paka, wakamtambua rasmi kama aina yake ya pekee. Mpaka leo ni wachache sana duniani, kwahiyo ukiambiwa unauziwa Sokoke kagua kwanza.

Anza na manyoya, na usiyaangalie kwa mbali. Msogeze kwenye mwanga wa jua, chagua baka moja la ubavuni alafu litazame kwa karibu kabisa. Paka wa kawaida baka lake ni jeusi tii mwanzo mwisho, lakini kwa Sokoke ndani ya ule weusi utaona kuna nywele zingine zimechomoza, unywele mmoja una pete za rangi ya giza na rangi ya mwanga, yaani baka linaonekana limepauka katikati kama gome la mti. Hii ndo alama mi naiamini kuliko zote. Alafu mpapase: manyoya mafupi, yamelala kwenye ngozi, yanang'aa ila hayatelezi kama hariri, na yale manyoya mazito ya ndani karibu hana, ndo maana baridi humpata haraka. Ncha ya mkia iwe nyeusi. Akiwa na doa jeupe kifuani tia shaka.

Baada ya hapo muache atembee mwenyewe. Miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, ukimuangalia kwa nyuma utadhani ananyata kwa ncha za vidole. Mwili mwembamba lakini una misuli, kichwa kidogo ukilinganisha na mwili, masikio makubwa, macho ya njano iliyoiva hadi kijani hafifu.

Kuhusu tabia, huyu hatulii. Anapenda kupanda juu, anaongea sana, anamfuata mtu wake kila chumba na anaelewana vizuri na paka wenzake, ila wengi wao hawapendi kubebwa na kukumbatiwa muda mrefu, na wala sio kwamba hakupendi. Tabia peke yake lakini haitoshi, maana wapo paka wa kawaida kibao wachangamfu hivohivo.

Hata dalili zote zikikubali, omba karatasi za ukoo zinazoonyesha wazazi na mababu zake, na ukiweza kawaone wazazi wenyewe kwa macho. Muuzaji akikwambia karatasi zitafuata baadae, mwambie na hela itafuata hizo karatasi zikifika.