Ajali ya Barabarani Mombasa: Kuipata Video na Kuifikisha Mahakamani

Video nyingi za ajali hupotea si kwa kuwa hazionyeshi kitu, bali kwa kuwa zimefutika, au zimefika mahakamani bila mtu wa kuzisimamia.

Mashine za kamera za madukani hurekodi juu ya picha za zamani diski ikijaa. Nyingine hazishiki hata wiki mbili. Ukiwa wodini, tuma ndugu siku hiyohiyo. Iwe ni Buxton, Kongowea au Digo Road, asimame pale gari lilipogongea na atazame juu pande zote: kituo cha mafuta, benki, lango la ghorofa. Aulizie pia matatu na malori yaliyokuwa nyuma. Kamera ya kioo cha mbele hujifuta yenyewe gari likiendelea kutembea, basi dereva aitoe kadi mapema.

Mwenye kamera akisita, usigombane naye. Mpelekee barua fupi yenye tarehe, nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na muda unaoutaka: dakika 10 kabla ya ajali hadi 10 baada yake. Mwombe asifute, akusainie nakala ya barua. Akikataa kabisa, mwombe afisa wa trafiki anayeshughulikia ajali hiyo aifuate video.

Kabla ya kunakili, shika simu kando ya skrini ya mashine na upige picha kwa simu nyingine, saa ya simu na ya mashine zionekane pamoja. Betri ndogo ya ndani ikifa, stima ikipotea saa huvurugika, pengine kwa miaka. Tofauti ya dakika 7 iliyoandikwa mapema ina maelezo. Ikigunduliwa na wakili wa bima, inakuwa shaka. Kwenye maelezo yako andika 20:15, usiandike saa mbili na robo tu.

Nakili faili asilia kwenye flashi mbili, pamoja na programu ya kuichezea kama mashine inaitoa. Kurekodi skrini kwa simu ni akiba tu. Video ya WhatsApp hubanwa, na nambari ya gari iliyosomeka vizuri hugeuka ukungu. Ukilazimika, itume kama faili.

Kisha cheti. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, kinataka cheti kinachotaja rekodi, jinsi ilivyotolewa na kifaa kilichotumika, kikisainiwa na mwenye dhamana ya kifaa hicho. Mlinzi wa zamu hatoshi. Ulirekodi kwa simu yako? Saini wewe. Hapa ndipo kesi nyingi hukwama, maana mwenye duka huwa ameshahama.

Kwa kasi, tafuta alama mbili barabarani uzipime kwa futikamba. Gari likivuka mita 20 kwa sekunde 1, lilikuwa kwenye kilomita 72 kwa saa. Hesabu hiyo afanye mtaalamu, kwani mashine nyingine huruka fremu, yaani picha mojamoja zinazounda video.

Video haithibitishi jeraha. Hiyo ni kazi ya P3 (fomu ya polisi ya majeraha inayojazwa na daktari), ripoti ya daktari na risiti. Madai ya majeraha hufunguliwa ndani ya miaka 3, na bima ya aliyekugonga ipewe notisi kabla ya kesi au ndani ya siku 30 tangu ifunguliwe.

Usikate kipande kinachokuumiza, kama vile kupanda boda bila helmeti. Mwonyeshe wakili wako video nzima. Fidia hupunguzwa kwa kiasi cha makosa yako, lakini upande wa pili ukiipata rekodi kamili na kukuta yako imekatwa, hata kile ulichosema kweli kitatiliwa shaka.