Somo: Kukadiria ukubwa wa bafa unaposimbua baiti za UTF-8

Somo hili ni la anayesimbua, yaani anayegeuza baiti kuwa maandishi, kutoka UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi kwa baiti) kwa lugha ya programu ya C#, ambako maandishi hukaa katika vitengo vya biti 16. Ukipokea baiti kadhaa, utenge nafasi ya vitengo vingapi ili bafa, yaani nafasi ya muda katika kumbukumbu, isifurike?

Hatua ya 1: fahamu kila baiti inazaa nini. Herufi zetu za kawaida huchukua baiti moja moja, za Kiarabu mbili mbili, na ritifaa iliyopinda, ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe, huchukua tatu: E2 80 99. Zote hizo huzaa kitengo kimoja kimoja. Emoji nyingi huchukua baiti nne na kuzaa vitengo viwili. Kwa hiyo “ng’ombe” ni baiti 9 lakini vitengo 7. Ukiikata baada ya E2 na kusimbua kila kipande peke yake, ritifaa hugeuka alama tatu za U+FFFD (alama inayowekwa mahali pa baiti zisizosomeka), na jumla inakuwa vitengo 9. Hata hapo vitengo havikuzidi baiti.

Hatua ya 2: ongeza kitengo kimoja juu ya idadi ya baiti. Hapa ndipo wengi hukosea, nami naomba msomaji atulie. Kisimbuzi cha aina ya Decoder hukumbuka baiti zilizobaki katika mzunguko uliopita. Tuseme kimeshika F0 9F 98, baiti tatu za kwanza za emoji, kisha ikaja baiti moja tu, 80: emoji imekamilika, na baiti hiyo moja imetoa vitengo viwili. Ndiyo maana GetMaxCharCount, inayokadiria vitengo vingi kabisa vinavyoweza kutoka, ikipewa baiti 4096 hurudisha 4097.

Hatua ya 3: tumia kisimbuzi hicho hicho tangu mwanzo hadi mwisho wa faili, na katika mwito wa mwisho weka flush (kigezo cha kusema baiti zimekwisha) kuwa true, ili baiti zilizokosa wenzake zisipotee kimyakimya.

Maswali ya wanachama

Swali: Kwa nini nisitumie GetCharCount, inayotoa idadi kamili?
Jibu: Inafaa unapotaka safu ya kubaki nayo muda mrefu. Lakini hupitia baiti zote kabla ya kusimbua, hivyo kazi hufanyika mara mbili.

Swali: Faili langu ni la megabaiti 200. Nitenge zote?
Jibu: Hapana. Soma baiti 4096 kila mzunguko na uitumie tena bafa ile ile ya vitengo 4097, ambayo ni baiti 8194 tu za kumbukumbu.

Swali: Je, nikiweka “[kosa]” badala ya U+FFFD?
Jibu: Neno hilo lina vitengo sita, na makadirio huzidishwa kwa sita: 4097 inakuwa 24582. Usiandike 4097 kwa mkono ndani ya programu. Iite GetMaxCharCount kwenye Encoding (kitu cha C# kinachowakilisha UTF-8) ile ile uliyoiwekea neno hilo.