Kuichimbua Reli ya Nachingwea katika Maktaba za Bure za Mtandaoni

Reli iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mpango wa karanga, yaani mradi wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga kwa wingi Tanganyika, kutoka Mkwaya karibu na Lindi hadi Nachingwea na baadaye kuunganishwa na Mtwara, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo sisi wa Lindi na Mtwara tunaotaka kuitengeneza upya kwa kipimo kidogo hatuna budi kuanzia kwenye maandishi.

Kwanza, andaa majina ya kutafutia. Taarifa za wakati huo ziliandikwa kwa Kiingereza, na tangu mwaka 1948 reli za Tanganyika zilikuwa chini ya East African Railways and Harbours. Tafuta jina hilo pamoja na “groundnut” (karanga) na majina ya vituo vya reli hiyo: Mkwaya, Mtama na Ruo.

Pili, ukiingia Internet Archive, chagua kutafuta ndani ya maandishi ya vitabu na si katika majina yake tu, kwa sababu reli yetu mara nyingi imetajwa katika aya moja ya kitabu kinachohusu kilimo au bandari. Kompyuta iliyosoma kurasa hizo hukosea herufi, hasa r na n zilizobanana, ambazo huzisoma kama m, basi jaribu na tahajia zenye makosa. HathiTrust nayo, maktaba nyingine ya mtandaoni, hata kitabu kisipofunguka, mara nyingi hukuonyesha namba za kurasa zenye neno lako, nawe ukaweza kumwomba mkutubi nakala ya ukurasa huo.

Tatu, tazama mwaka wa kuchapwa kabla ya kuiamini ramani. Mpango wa karanga ulisitishwa mwaka 1951 na bandari ya Mtwara ikafunguliwa mwaka 1954. Ramani ya 1948 inaweza kukuonyesha njia iliyokusudiwa tu.

Hatua ya nne ndiyo ninayoipenda kuliko zote, nayo ni kupima picha. Reli hii ilikuwa na upana wa milimita 1,000 baina ya nyuso za ndani za vyuma, na kipimo hicho ndicho rula yako. Tafuta picha ya behewa iliyopigwa kutoka mbele, ikuze, kisha upime: ikiwa nafasi baina ya reli ni milimita 40 kwenye kioo cha kompyuta na upana wa bodi ni 96, behewa lilikuwa na upana wa takriban milimita 2,400, na kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kikipunguzwa mara 87, utakata milimita 27.6. Picha iliyopigwa kwa ubavu iache, maana kilicho mbali na kamera huonekana kidogo kuliko kilivyo.

Kona katika taarifa za wakati huo hutajwa kwa nusu kipenyo chake, kinachopimwa kwa cheni. Cheni moja ni yadi 22, na si mita 22 kama nilivyodhani nilipoharibu ubao wangu wa kwanza. Ni mita 20.12, yaani sentimita 23.1 kwa 1:87. Kona ya cheni 10 inahitaji nusu kipenyo cha mita 2.31, hivyo pima chumba chako kabla ya kushika msumeno.