Anzia shimoni, urudi nyuma

Kanuni za gofu zinamruhusu mchezaji kubeba fimbo 14. Mimi ninazo sita, zote za msaada, na wanafunzi 32 wa darasa la sita na la saba. Uwanja wetu uko mteremkoni huku Nyegezi, Mwanza: nusu nyasi, nusu vumbi, pembeni mawe, na chini kule ziwa. Kama wewe ni mwalimu wa michezo uliyeletewa fimbo bila maelekezo, jaribu njia yangu.

Usianze na mpigo mrefu. Nilianza nao mwaka wa kwanza; kila mtoto akataka kuufikisha mpira ziwani, na nusu ya kipindi ikaishia kwenye kutafuta mipira. Anzia shimoni, hatua moja tu kutoka ukingoni. Chimbia kopo la rangi la lita moja, mdomo wake uwe usawa wa ardhi. Shimo halisi lina upana wa milimita 108, na kopo hilo linakaribia sana. Wa zamu wanyunyize maji, pakikauka wafagie juu juu kwa chelewa, libaki vumbi jepesi. Hapo vumbi litakufundishia, maana mpira ukipita unachora mstari. Mtoto anainama anajionea mwenyewe: je, mpira uliondoka umenyooka, mteremko ukaupindisha mbele ya safari, au ulianza kwenda kombo palepale? Ni makosa mawili tofauti. La kwanza ni la kutosoma ardhi. La pili ni la uso wa fimbo kutotazama shimo wakati unagusa mpira. Kwenye nyasi zilizonyolewa vizuri mstari huo huuoni, kwa hiyo msiuonee aibu uwanja wenu.

“Madam, mpira umekataa.” Mimi namwonyesha mstari, nanyamaza. Akiingiza mitano mfululizo, anarudi nyuma hatua moja.

Halafu mshiko. Watoto wetu wengi wamezoea jembe, kwa hiyo mikono yao huachana kwenye mpini. Iunganishe. Kwa anayetumia kulia, mkono wa kushoto unakaa juu, wa kulia chini yake, na kiganja cha kulia kinafunika gumba la kushoto. Vidole vyote kumi vishike mpini. Mambo ya kupishanisha vidole yasubiri mikono ikue. Wakiniuliza washike kwa nguvu kiasi gani, nawaambia: kama unavyomshika mdogo wako mkono mkivuka Barabara ya Kenyatta. Usimuumize, usimwachie.

Mpigo wenyewe wanaujua, ila hawajui kwamba wanaujua, kwa sababu kila mmoja ameshafyeka majani ya shule. Bila mpira kwanza, fimbo iende na kurudi ikichapa ncha za nyasi, fyaa, fyaa, pale pale kila mara. Sauti ikitulia sehemu moja, weka mpira hapo. Tabu ya fyekeo ni kwamba mikono inafanya kazi yote na mwili umesimama kama nguzo. Kwenye gofu mabega yageuke, na mpigo ukiisha kitovu kitazame ziwa, kisigino cha kulia kikiwa juu.

Kosa litakalokusumbua muhula mzima ni la kuuchota mpira. Mtoto anajua unatakiwa upae, basi anauinua kama anayechota maji kwa kata. Fimbo inagonga utosi wa mpira, nao unatambaa. Kinachoupaisha ni mlalo wa uso wa fimbo. Mwambie achape nyasi iliyo chini ya mpira, basi, usiongeze neno. Ukimtajia kichwa, goti na kiwiko kwa mkupuo mmoja ataganda.

Hili ningelisema mwanzoni. Siku moja mvulana alitoka mbele kuokota mpira wake, fimbo ya jirani ikapita karibu na sikio lake. Sikulala usiku ule. Sasa nalaza kamba chini, wapigaji sita wanaachana hatua nne, filimbi moja ni kupiga, mbili ni kuokota. Mashoto namweka mwisho upande wa kulia, ili yeye na jirani yake waangaliane badala ya kupeana mgongo. Wanaosubiri wanakaa nyuma kabisa, wanarusha mipira ya tenisi kwa mkono kulenga tairi. Nao huo ni mpigo mfupi, ila bila fimbo.

Saa kumi jioni upepo wa ziwa hutupiga usoni, mpira ukipaa sana unakwama hewani. Siku hizo tunarudi kwenye kopo.

Kabla hawajaondoka, hesabu mipira. Yetu ni 40. Ikipungua tunaenda kwenye mawe, kila mtu na kijiti cha kuchokolea nyufa, na mijusi yenye vichwa vyekundu inatukimbia. Juzi tulitoka na 41.