Unataka mashine ya leza ya mezani? Anza na unachotaka kukata, wati baadae

Watu wakitaka kuanza mambo ya leza nyumbani swali la kwanza huwa "ninunue ya wati ngapi", na mimi kila mara nawarudisha nyuma kidogo, ndugu yangu wati tutazifikia ila kwanza niambie unataka kukata nini. Mbao? Ngozi? Akriliki? Chupa za maji za chuma? Maana leza ni mwanga na kila aina ina mwanga wake, kuna vitu unaviunguza na kuna vitu unapita tu kama havipo, na ukishanunua aina isiyoendana na kazi yako hata uongeze wati vipi haikusaidii.

Kwa matumizi ya nyumbani utakutana na aina tatu. Kuna daiodi, hii ndo ya bei nafuu, mwanga unatoka kwenye kipande kidogo cha kielektroniki, ni wa bluu, nanomita kama 450 hivi (nanomita hapa ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, ndo kinachotofautisha mwanga mmoja na mwingine). Kuna CO2, mwanga wake hauonekani kwa macho kabisa, nanomita 10,600, unatengenezwa kwenye bomba refu la kioo lenye gesi, na sio teknolojia mpya, Kumar Patel aliigundua kwenye maabara ya utafiti ya Bell Labs kule Marekani mwaka 1964. Alafu kuna faiba, nanomita 1,064, nayo haionekani, na kazi yake kubwa ni chuma.

Sasa chukua akriliki, plastiki ngumu kama kioo, ile inayoonyesha upande wa pili, ya kutengenezea ngao za zawadi na vibao vya ofisini. Mwanga wa bluu unaipita kama jua linavyopita dirishani, kwahiyo daiodi haikati hiyo kitu, itaunguza meza iliyopo chini na akriliki yako itabaki nzima. Akriliki nyeusi daiodi inakata vizuri tu, rangi nyingine inategemea, ya bluu inasumbua. CO2 yenyewe inakata zote na kingo zinatoka zinang'aa zenyewe bila kupigwa msasa. Na kama unapanga kuchora kwenye akriliki uliza dukani ni ya kumimina au ya kukamuliwa kwenye mashine, ya kumimina ikichorwa inatoa weupe mzuri unaosomeka, hiyo nyingine mchoro hauonekani vizuri ila kukata inakatika safi. Kioo pia CO2 inachora moja kwa moja, daiodi mpaka upake rangi nyeusi kwanza juu yake.

Kwahiyo kama ndoto yako ni ngao, taa za majina na vibao vya akriliki, usipoteze hela kwenye daiodi hata kama mtu anakuuzia bei chee, kusanya taratibu ununue CO2.

Kama ni mbao na ngozi, daiodi inakutosha sana. Mninga, mkangazi, mtiki, zote zinapokea mchoro vizuri, mpingo ni mti mzuri ila kwa leza mchoro hauonekani vizuri maana mti wenyewe ni mweusi. Vifuu vya nazi vinachorwa vizuri ajabu, na huku pwani ni malighafi ya bure kabisa watu wanatupa. Plaiwudi ndo chakula kikuu cha hizi mashine ila sio kila plaiwudi, kinachosumbua ni gundi ya ndani, zile zilizotengenezwa kuhimili maji gundi yake ni ngumu na leza inaishia kuifanya mkaa, unapita mara tano na kipande hakidondoki. Omba kipande cha kujaribia kabla hujanunua shiti nzima. Na kwa mashine yenye eneo la sentimita 40 kwa 40, shiti ya futi 4 kwa 8 ukiwapa wenye msumeno wakukatie unapata vipande 18, hesabu hiyo fanya mapema maana shiti nzima hata mlangoni kwako inaweza isipite.

Chuma hapo wengi wanapigwa. Daiodi na CO2 za mezani hazikati chuma, labda kile chembamba kama karatasi, chochote utakachoona kwenye tangazo. Zinachoweza ni kutoa rangi iliyopakwa juu, ndo maana zile chupa za chuma za rangi na thamosi zinatoka vizuri sana, jina linabaki la chuma linang'aa. Daiodi ya wati 10 kwenda juu inaweza pia kuweka alama nyeusi kwenye chuma cha pua. Lakini kama unataka kuandika kwenye shaba, fedha, vipuri au pete, hiyo ni faiba, na ujue eneo lake la kazi huwa dogo, nyingi sentimita 11 kwa 11 hivi au kidogo zaidi, ila ina spidi kali maana ni vioo vidogo vinavyocheza, sio kichwa kinachotembea kwenye reli.

Haya sasa wati. Kwenye daiodi kuna wati za umeme unaoingia na wati za mwanga unaotoka, na ni vitu viwili tofauti kabisa. Boksi limeandikwa 40 kumbe mwanga unaotoka ni 5. Muulize muuzaji swali moja tu, mwanga unaotoka kwenye lenzi ni wati ngapi, akianza kuzunguka ondoka. Njia rahisi ya kupima ukweli ni hii, daiodi moja ya bluu inatoa wati 5 mpaka 6 hivi, kwahiyo mashine ya kweli ya wati 10 ina daiodi mbili zimeunganishwa, ya 20 ina nne, ya 40 ina kama nane, na bei inapanda hivohivo. Mtu akikuuzia ya 40 kwa bei ya ya 5, ni ya 5 hiyo.

Na sio kwamba kubwa ndo bora siku zote. Daiodi zikiunganishwa nyingi ile nukta ya mwanga inakuwa nene, mchoro wa picha ya mtu unapoteza vitu vidogo vidogo. Ya wati 5 inachora vizuri ila plaiwudi ya milimita 3 itapita mara kadhaa. Ya 10 inakata hiyo kwa mara moja au mbili na bado inachora vizuri, na kwa mtu anayeanza hapo ndo ningeweka hela yangu. Nenda 20 kama kazi yako kubwa ni kukata, maboksi, vidoli vya watoto, mapambo ya ukutani.

CO2 ya bei ya chini wote wanaijua kwa jina la K40, boksi la bluu la Kichina, eneo kama milimita 300 kwa 200. Inaitwa ya wati 40 ila bomba lake kwa kweli ni 30 mpaka 35, na bado inakata akriliki na plaiwudi ya milimita 3 bila shida. Ni mashine nzuri kwa mtu anayependa kushika bisibisi, kwa sababu utapanga mwenyewe vioo vinavyoelekeza mwanga, utasafisha lenzi, utafunga kila kitu kilicholegea. Kitu ambacho sio cha kupuuza hata kidogo ni ethi. Lile bomba linatumia umeme wa maelfu ya volti, zaidi ya 15,000, na nyumba nyingi zetu tundu la ethi lipo kwenye soketi lakini nyuma yake hakuna kitu. Ita fundi umeme aje apime na kifaa, kama hakuna achimbie, ndo uwashe mashine. Hapa sitanii, huu umeme unaua.

Alafu joto. Hili maelekezo ya mashine mara nyingi hayakuambii vizuri. Bomba la CO2 linapozwa na maji na linataka nyuzi 15 mpaka 25 hivi, likizidi hapo nguvu inashuka na maisha ya bomba yanapungua. Mtu wa Nairobi au Arusha anaweza akaponea na ndoo ya maji na pampu kwa kazi fupi fupi. Mtu wa Dar, Mombasa, Tanga, Zanzibar, maji ya ndoo yenyewe yanaanza karibu na 28, umefanya kazi dakika kumi yameshavuka. Wauzaji watakupa kifaa cha kupozea kinaitwa CW-3000, ukikiangalia kinafanana kabisa na chila, yaani mashine ya kupoza maji kama friji, ila ndani ni rejeta na feni tu, hakiwezi kushusha maji chini ya joto la chumba, kwahiyo pwani ni kama hujanunua kitu. Unachotaka ni CW-5000 au 5200, hizo zina kompresa ya kweli. Na ukishaipata usishangilie ukaweka nyuzi 15, kwenye hewa ya pwani yenye unyevu bomba litatokwa jasho la maji kwa nje, na maji pamoja na zile volti ni cheche na bomba kwisha. Kama chumba hakina AC acha kwenye 25 hivi panatosha. Maji yenyewe yawe yaliyochujwa madini, sio ya bomba, na kama unachukua maji ya betri pale sheli soma chupa vizuri usije ukabebeshwa asidi.

Ongeza bei ya chila kwenye bei ya mashine kabla hujaamua. Wengi hapo ndo wanagundua daiodi ya wati 20 ingewafaa.

Umeme ukikatika nao upo kwenye hesabu. Daiodi ya wati 10 inatumia adapta ndogo tu, UPS ya kawaida au inveta inaibeba. CO2 na chila na feni ya moshi ni mzigo mwingine kabisa. Hakikisha pia mashine ni ya volti 220 mpaka 240, zipo zinazouzwa kwa soko la Marekani za 110. Na kwa CO2 uliza kama ina kihisi kinachozima leza maji yasipozunguka, umeme ukirudi pampu ikagoma bomba linaweza kupasuka.

Tuje kwenye usalama wa macho, kuna kitu kinaitwa daraja la leza. Mashine ya wazi ya fremu tupu ni daraja la 4, yaani hata mwanga uliodunda kwenye bisibisi unaweza kukutoboa jicho kabla hujapepesa. Iliyofunikwa vizuri na mfuniko unaozima leza ukiufungua ni daraja la 1. Kama una watoto nyumbani, au paka, nakuomba ununue iliyofunikwa, au ya wazi uitengenezee boksi kabla ya kazi ya kwanza. Kidirisha cha hilo boksi kwa daiodi kisiwe akriliki ya kawaida inayoonyesha upande wa pili, si tumeshasema bluu inaipita. Miwani nayo inaendana na aina ya mwanga, kwa daiodi iandikwe wazi kwamba inazuia nanomita 450 na OD 5 kwenda juu (OD ni kipimo cha kiasi cha mwanga inachozuia), ya CO2 ni nyingine.

Moshi lazima utoke nje, bomba la inchi 4 na feni dirishani, chumba cha kulala sio sehemu ya hii mashine. Chukua na pampu ya hewa ya kupuliza pale leza inapopiga, inazuia miale ya moto, inafanya plaiwudi isitoke nyeusi, na inalinda lenzi, kwa bei yake hakuna kifaa kinachosaidia zaidi ya hicho. Na kamwe usikate PVC, inatoa gesi ya asidi yenye klorini inayokula mapafu yako na vyuma vya mashine. Shida ni kwamba ngozi feki nyingi za mikoba na masofa ni PVC. Ukiwa na wasiwasi chukua waya wa shaba, upashe moto mpaka uwe mwekundu, ugusishe kwenye hiyo plastiki, urudishe kwenye moto, fanya nje penye hewa, moto ukiwa wa kijani hiyo ina klorini itupe. Mashine ikiwa inafanya kazi usitoke chumbani, hata kwenda kuchukua chai, na kizima moto cha gesi kikae karibu.

Programu za kuiendesha kwa kompyuta: tafuta mashine inayokubali LaserGRBL, ya bure kwa Windows, na LightBurn, ya kulipia ila wanakupa siku 30 za kujaribu. K40 yenye bodi yake ya asili, ile saketi inayoiongoza, inatumia K40 Whisperer au MeerK40t, zote bure. Michoro chora kwenye Inkscape, nayo bure. Kuwa makini na mashine zinazofanya kila kitu mtandaoni kama Glowforge, bando likiisha au mtandao ukileta shida mashine haifanyi kazi, kwa mazingira yetu mimi siishauri.

Kwenye kuagiza, daiodi ya fremu inakuja vipande vipande haijaunganishwa, kifurushi chepesi, ndege inawezekana. CO2 ni boksi kubwa lenye bomba la kioo ndani, omba picha za lilivyofungwa kabla halijasafirishwa, na uliza bomba limetengenezwa lini maana hata likikaa tu stoo linazeeka. Ongea na wakala wa forodha akupe gharama kamili mapema, VAT peke yake ni asilimia 18 Tanzania bara na 16 Kenya. Oda hiyohiyo weka lenzi ya ziada, au kioo cha kulinda lenzi kama ni daiodi, na mkanda mmoja wa kuvuta kichwa cha leza, hivi vitu vidogo ukivisubiri baadae mashine inakaa mwezi mzima haina kazi.

Ikifika, kabla ya kugusa kazi ya mtu, chukua kipande cha mbao utakazotumia ukate viboksi vidogo vya spidi tofauti na nguvu tofauti, andika namba pembeni ya kila kimoja na jina la mbao, tundika ukutani. Kila malighafi mpya ikiingia fanya hivohivo, hata plaiwudi ya duka lilelile, mzigo mpya unaweza kuwa na gundi tofauti.